Baiskeli Niliyoichagua kwa Macho ya Watu

Wiki iliyopita nilikomea mlangoni kwa Bwana Abdulrazak, muuza mapazia, fimbo mkononi, sijui kama nimeitwa kupewa kazi au kufukuzwa kibarazani pake.

Kwa anayeanza leo: naitwa Mwinyimvua. Nilikuwa dereva wa bodaboda Kariakoo mpaka lori liliponibana Jangwani na kunivunja nyonga ya kushoto. Hospitali wakanitia chuma. Mwenye pikipiki akaja kuchukua mabaki ya chombo chake, na tangu siku hiyo nikawa nakula kwa mikono ya mke wangu, Zulekha, msusi wa sokoni Mchikichini.

Basi, nikaingia.

"Karibu, Mwinyi," akasema Bwana Abdulrazak. Alikuwa akipima kitambaa cha pazia, hakuinua macho. "Kaa."

"Nitasimama tu, Bwana."

Ukweli ni kwamba kile kigoda chake kilikuwa kifupi. Ningekaa, lakini kuinuka ningehitaji watu.

"Bado unaijua Kariakoo?"

"Hata nikifumba macho."

"Nina kazi. Mafundi wangu wa mapazia wako Ilala, wengine Mnazi Mmoja, na gari langu likiingia humu linakwama kutwa nzima. Nimeamua kununua baiskeli ya umeme. Nataka mtu wa kupeleka vitambaa."

Sikuamini masikio yangu. Nikashika ukingo wa meza.

"Na mguu?" akauliza. Sasa alikuwa ananitazama.

"Mguu umepona, Bwana."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia jibu alilolitarajia. "Nenda kwa Nice, duka la nyuma ya Mtaa wa Livingstone. Zipo za kila namna. Mimi sikuchagulii. Wewe ndiye utakayeikalia kutwa, kwa hiyo chukua inayokufaa mwili wako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Sikuwa nimemwelewa hata kidogo.

Nice alikuwa mama wa Kichaga, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Nilipotaja jina langu tu, hakuuliza lolote. Akanipeleka moja kwa moja kwenye baiskeli ya kijani iliyokuwa peke yake karibu na mlango.

"Hii hapa, kaka Mwinyi. Jaribu."

Ilikuwa ya chini. Fremu yake ilikuwa imeinama katikati, hivyo hukuhitaji kurusha mguu juu ya chochote. Uliupitisha tu kama unavyovuka kizingiti. Usukani uliinuka ukanijia kifuani. Siti pana. Nikakaa, na nyayo zangu zote mbili zikagusa sakafu, bapa.

"Weka kisigino kwenye pedali, ikiwa chini," akasema Nice. "Mguu unanyooka? Haya. Sasa utakuwa unasimama mara nyingi au unakwenda safari ndefu?"

"Nasimama kila hatua. Kariakoo hii."

"Na utabeba mzigo nyuma?"

"Vitambaa."

"Basi hutaki baiskeli inayoruka ukigusa pedali. Hii ukiikanyaga inaondoka polepole, kama mtu anakusukuma mgongoni kwa upole. Izungushe hapo nje."

Nikaizungusha. Wallahi, kwa mara ya kwanza tangu lile lori, nilijisikia mzima. Nyonga haikulia. Nilikata kona, nikasimama, nikaweka mguu chini, nikaondoka tena. Upepo ukanipiga usoni nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwehu.

Ndipo nikasikia kicheko.

Ng'ambo ya barabara ndipo kilipokuwa kijiwe chetu cha zamani. Mudi, tuliyeanza naye bodaboda, alikuwa amekaa juu ya tangi la pikipiki yake, ananinyooshea kidole.

"Oya, Mwinyi! Hiyo umemnunulia shemeji?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Bado kikapu cha mbele tu, atie nyanya!" akaongeza mwingine.

Nami nikacheka. Nikawapungia mkono. Lakini masikio yaliwaka moto, na nilipoirudisha ile baiskeli dukani sikutaka hata kuitazama.

"Imekukaa kama nguo ya fundi," akasema Nice. "Niifunge?"

"Ile nyeusi kule," nikasema. "Nataka ile."

Ilikuwa ndefu, matairi manene, betri imelazwa juu ya fremu iliyonyooka kama bomba. Ukiiona kwa mbali unasema pikipiki. Nice akanitazama usoni, akanitazama mguu.

"Kaka, hiyo ni ya mrefu. Tena ni ya mtu anayelalia mbele, anayependa mbio. Ukisimama utaning'inia."

"Nimeendesha pikipiki maisha yangu yote, dada."

"Pikipiki ilikuwa kabla ya hiyo fimbo."

"Nimesema nataka hiyo!"

Watu dukani waligeuka. Nice akashusha pumzi. Akafungua mdomo kama anayetaka kuniambia jambo, akaufunga. Laiti angelisema.

Niliipanda nikiwa nimeegemea nguzo ya umeme, mguu wa kushoto nikiuvusha kwa mkono kama mzigo usio wangu. Nilipogusa pedali, chombo kikaruka. Nikapita mbele ya kijiwe kama mshale.

"Huyo sasa ndiye Mwinyi!" akapiga kelele Mudi.

Kelele ile ilinilewesha.

Zulekha alirudi kutoka sokoni akaikuta imeegemea ukuta wa nyumba yetu. Alisimama mbele yake muda mrefu, vidole vyake bado vinang'aa mafuta ya nywele.

"Hii?" akauliza.

"Hii."

"Hukuona nyingine?"

"Niliona nyingi."

"Panda nikuone."

"Zule, nimechoka."

"Mwinyi, mguu wako hata kitandani unaupandisha kwa mikono. Hapa utaupandishaje?"

Nikachukia. Aliyenilisha, aliyeniogesha, aliyenikokota hadi chooni nilipokuwa sijiwezi, nikamwinulia sauti. "Ulitaka nipande baiskeli ya kike watu wanicheke?"

"Watu gani?"

Macho yake yakajaa maji, nikashangaa. Nilijua nimemkera, ila sikuelewa cha kumliza ni nini. Akaingia ndani.

Kazi nikaianza. Na kwa siku za mwanzo mambo yalikwenda, kwa sababu nilijifunza kudanganya barabara. Sikusimama katikati hata mara moja. Nilitafuta ukingo, nikaweka mguu wa kulia pale juu, nikajifanya napiga soga. Mbele ya duka la fundi nilingoja mtu apite nimwambie, "Kaka, nishikie kidogo," ndipo nishuke. Kwa kuwa vitambaa vilijaa nyuma, kuurusha mguu juu yake nisingeweza. Niliilaza baiskeli yote ubavuni na kutoka chini yake kama anayetoka kwenye kifusi.

Kiuno kilikuwa kinawaka kwa ule mkao wa kulalia mbele. Vidonge vya maumivu nilivificha ndani ya soksi.

"Unaendeleaje na baiskeli?" Bwana Abdulrazak aliniuliza.

"Safi kabisa, Bwana."

"Haikusumbui?"

"Mimi na yeye ni ndugu sasa."

Halafu ikafika ile Alhamisi.

Zulekha alikuwa ameitwa kumsuka bibi harusi, karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja. Ilikuwa kazi kubwa. Mama wa bibi harusi alikuwa na mabinti wengine, na akiridhika angemfungulia Zulekha milango mingi. Nilimkuta njiani, anatembea na sanduku lake la nywele.

"Panda nikupeleke," nikamwambia.

"Ahsante. Nitatembea."

"Watu wanakuona unatembea na mumeo ana chombo?"

"Mwinyi, mimi hao watu wako siwajui."

"Panda, Zule. Nakuomba."

Nadhani lile neno, nakuomba, ndilo lililomshinda. Sikuwa nimemwomba kitu kwa siku nyingi. Nilikuwa nafoka tu. Akakaa nyuma kiupande, sanduku mapajani, mkono mmoja akanishika kiunoni. Tukaondoka. Nitasema kweli: nilikuwa na furaha. Nilikuwa nampeleka mke wangu kazini, jua linawaka, na watu wanatuona.

Tulipofika kwenye makutano ya Uhuru na Msimbazi, mkokoteni wa matenga ya nyanya ukachomoka kutoka kati ya magari mawili.

"Angalia mbele!" akapiga kelele msukuma mkokoteni.

Nikabana breki. Baiskeli ikasimama. Haikumgusa mtu. Mpaka hapo tulikuwa wazima, ningekuwa na mguu wa kuweka chini tungeendelea na safari yetu.

Lakini ikalalia kushoto.

Nikanyoosha mguu wa kushoto kutafuta lami. Nikanyoosha. Lami haikuwepo. Vidole vya kiatu vikagusa kitu, nyonga ikakataa, na ule uzito wote, betri, fremu, mimi na mke wangu, ukaenda taratibu kabisa, kama mti unaokatwa. Nilikuwa na muda wa kusema "Zule," na nikalisema.

Yeye alinyoosha mkono wa kulia kujikinga. Sisi wote tukauangukia.

Wapita njia walituinua. Mimi nilikuwa na mchubuko wa kiwiko, basi. Zulekha alikuwa amekaa chini barabarani, rasta za bibi harusi zimemwagika miguuni pake, anautazama mkono wake. Kiganja kilikuwa kimegeukia kusikostahili.

"Zule! Zule, mke wangu!"

Hakulia. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama anaogopa kusikiwa na mtu mwingine, "Mwinyi, vidole sivisikii."

Hospitali walimlaza. Walimnyoosha mkono, wakamfunga plasta kuanzia kwenye vidole hadi juu ya kiwiko. Asubuhi daktari, kijana mpole, akaniita pembeni.

"Mfupa utaunga," akasema. "Wasiwasi wangu ni mshipa wa fahamu uliobanwa. Anafanya kazi gani?"

"Msusi."

"Tusubiri plasta itolewe. Siwezi kukuahidi kitu."

Nikarudi kitandani kwake nikamshika mguu, maana mkono sikuthubutu. "Zule, nisamehe."

Alikuwa anatazama dari.

"Zule, nitukane basi. Sema chochote."

"Nenda karudishe ile baiskeli," akasema. "Itamuua mtu."

"Nikupeleke nyumbani kwanza."

"Nakwenda kwa mama Ilala. Nitapanda bajaji. Na nani ataniogesha pale kwetu, wewe?"

Halikuwa tusi. Lilikuwa swali tu, na nilistahili. Nikamtafutia bajaji nje ya geti, nikamsaidia kuingia. Alipokaa aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu jana. Akanifuta vumbi begani kwa mkono wa kushoto, vibaya vibaya, mkono usiozoea. Bajaji ikaondoka.

Sikuweza kuipanda ile baiskeli. Niliikokota, mguu unaburuza, mpaka dukani kwa Nice.

Alikuwa ameshasikia. Kariakoo habari haihitaji kupelekwa. Aliipokea akaiegemeza ukutani, akanivutia kiti kirefu.

"Dada Nice," nikasema, "ile ya kijani bado ipo?"

"Ipo. Ingekwenda wapi? Ni yako."

"Yangu vipi?"

"Naona hajakwambia mpaka leo. Kaka Mwinyi, mkeo alikuja hapa kabla yako. Bwana Abdulrazak unadhani alikukumbuka tu mwenyewe? Zulekha ndiye aliyekwenda kumwombea. Akamweleza mguu wako ulivyo, kila kitu. Halafu akaja hapa na uzi wa rasta mkononi, una mafundo. Kasema, huu ni urefu wa mguu wa mume wangu kutoka kiunoni hadi kisiginoni, nimempima akiwa amelala. Akazijaribu zote hizi yeye mwenyewe, kwa ule uzi. Siti ya ile ya kijani tuliishusha pamoja, mimi na yeye, mpaka akaridhika."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimuuliza. Akanijibu, 'Akijua nimempangia ataikataa. Iweke tu mlangoni, aione, aichague mwenyewe. Mwache ajue bado ana la kuchagua.' Akaniapisha nisiseme. Siku ile ulipoikataa, nusura nivunje kiapo."

Niliinamisha kichwa. Nililia mbele ya wateja wa Nice, na hakuna aliyenicheka.

Nikampigia Bwana Abdulrazak. Nilitegemea kufukuzwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mguu haujapona," akasema.

"Haujapona, Bwana."

"Hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nangoja wewe ulijue. Chukua hiyo ya kijani. Kazini njoo baada ya kumuuguza mkeo."

Nikapitisha mguu kama mtu anayevuka kizingiti. Nikakaa. Nyayo bapa. Nikaondoka polepole.

Kijiweni walikuwapo wote. Nilijiandaa. Nikainua kichwa, nikajiambia wacheke mpaka wachoke, leo nakwenda kumwambia mke wangu kwamba najua kuhusu ule uzi, na kwamba nitamlisha mimi kwa mkono wangu hata kama vidole vyake havitarudi kamwe.

Hakuna aliyecheka. Mudi alishuka kwenye pikipiki yake, akasogea hadi ukingoni mwa barabara.

"Shemeji anaendeleaje?"

"Yuko kwa mama yake."

"Mpe pole. Tumechanga kidogo hapa na jamaa, tutamletea." Akaigusa ile baiskeli kwenye usukani. "Hii nzuri bwana. Hata mgongo wangu ungeipenda."

Hivyo tu. Nilikuwa nimemvunja Zulekha mkono kwa ajili ya kicheko ambacho wenyewe walikuwa wameshakisahau.

Njiani nilimpigia simu Zulekha. Haikupatikana. Nikasema amelala, dawa zile zinalaza.

Mama mkwe wangu, Bi Shamsa, alikuwa barazani anachambua mchele. Nikasimama mbele yake bila kushikiwa na mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Lakini alikuwa ameacha kuchambua. Alitazama kiti cha nyuma cha baiskeli, kisha akatazama barabara nilikotokea, kama anayetafuta mtu aliyechelewa nyuma yangu. "Mbona umerudi? Mmesahau kitu?"

"Nimekuja kumwona Zulekha."

"Zulekha?"

"Mama, aliniambia anakuja kwako. Nilimpandisha bajaji mwenyewe."

Bi Shamsa akaweka ungo chini. Mchele ukamwagika, hakuushughulikia.

"Mwinyi, usinifanyie mzaha. Mwanangu kanipigia adhuhuri. Kasema mko wote stendi ya Mbezi mnapanda basi, mnakwenda kupumzika mpaka mkono upone. Akaniomba radhi. Nikamwambia nimewaridhia nyote wawili."

"Basi la wapi, mama?"

"Nilimuuliza. Simu haikuwa inasikika vizuri. Mwanamume alikuwa pembeni yake anamhimiza, 'Haya, Zule, panda, gari linaondoka.'"

Akanishika mkono.

"Kamwita Zule," akasema. "Mimi nilijua ni wewe."